UZI: Conrad Martens na pwani ya Sydney. Tuanze na penseli kabla ya kuiamini rangi

Mkuku_wa_Jahazi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Picha za rangi za maji za Conrad Martens zinazunguka sana mtandaoni, na chini yake mara nyingi huandikwa kitu kama "Bandari ya Sydney ilivyokuwa mwaka 1840". Nafungua uzi huu kwa sababu maelezo ya namna hiyo yanapotosha. Picha yake iliyokamilika haikuchorwa ufukweni. Ilichorwa chumbani, pengine miezi na pengine miaka baada ya yeye kusimama mahali pale, tena kwa ajili ya mteja aliyeiagiza na kuilipia. Kilichotoka ufukweni ni mchoro wa penseli, na anayetaka kujua pwani ile ilikuwaje aanzie hapo.

Kwa kifupi kuhusu mtu mwenyewe. Alizaliwa London mwaka 1801 na akafundishwa na Copley Fielding, bingwa wa rangi za maji wa wakati huo. Mwaka 1833 alisafiri na manowari Hyacinth. Alipofika Rio de Janeiro akasikia kwamba Robert FitzRoy, nahodha wa Beagle, meli ya kupima pwani, anatafuta mchoraji kwa kuwa Augustus Earle aliyekuwa na kazi hiyo alikuwa mgonjwa. Akaipata Beagle Montevideo, akaenda nayo Patagonia, Tierra del Fuego, Falkland na mto Santa Cruz, hadi Valparaiso mwaka 1834. Huko FitzRoy alilazimika kuiuza skuna iliyokuwa meli yake ya pili na kupunguza watu, na Martens akashuka. Akapitia Tahiti na New Zealand, akaingia Sydney Aprili 1835. Makazi ya Waingereza pale yalikuwa na miaka 47 tu, maana yalianza Januari 1788. Hakuondoka tena Australia hadi alipofariki mwaka 1878.

Miezi ile ndani ya Beagle ndiyo iliyoujenga mkono wake. FitzRoy alikuwa mpima pwani, na kwa mpima mchoro wa pwani ni chombo cha kazi kama bildi na dira. Nahodha atakayekuja nyuma lazima autambue mlango wa bandari kwa umbo la rasi na mfuatano wa vilima. Ukitazama michoro yake ya Patagonia unaona mstari wa juu wa majabali umefuatwa pembe kwa pembe, wakati majani na mawe ya mbele yameachwa kwa mikwaruzo michache. Mfano ulio wazi ni ule wa Aprili 1834, Santa Cruz: Beagle imepandishwa ufukweni maji yakiwa yamejaa, yakakupwa, ikabaki kavu ili mkuku uliogonga mwamba kule Port Desire ukaguliwe. Watu wamesimama chini ya ubavu wake, kwa hiyo kimo cha meli unaweza kukikadiria kwa jicho. Mchoro huo ulichongwa chapa na kutolewa katika taarifa ya safari ya FitzRoy mwaka 1839.

Sasa utaratibu wa kuisoma picha yake. Weka vitu vitatu mezani.

Cha kwanza ni mchoro wa penseli. Vitabu viwili vya safari ya Beagle viko Maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge, na michoro mingi ya Australia iko Maktaba ya Jimbo la New South Wales. Mingi ina jina la mahali na tarehe kwa mkono wake mwenyewe.

Cha pili ni daftari lake la hesabu. Aliandika picha, mnunuzi, tarehe na bei. Ndiyo maana tunajua kwamba Beagle ilipotia nanga Sydney Januari 1836, Charles Darwin, mwanasayansi wa viumbe aliyesafiri na meli hiyo, alinunua kwake picha mbili za rangi za maji kwa gini tatu kila moja. Gini moja ilikuwa shilingi 21 za Kiingereza.

Cha tatu ndiyo picha yenyewe. Usiitazame mwanzo, itazame mwisho.

Mfano mmoja utoshe kwa leo. Novemba 1851 alikwenda Brisbane kwa bahari, akarudi Sydney kwa nchi kavu kupitia Darling Downs na New England mwaka 1852, akichora njia nzima. Picha yake kubwa ya maporomoko ya Apsley, iliyoagizwa kwa ajili ya jumba la sanaa la Sydney, ni ya mwaka 1874. Katikati kuna miaka 22, na mchoraji tayari ana miaka 73. Mwamba ni wa 1852. Ukungu na mwanga ni wa 1874.

---

KaratasiNyeupe

Mkuu Mkuku, shukrani kwa uzi. Naomba ufafanuzi kidogo: hiyo safari kutoka penseli hadi rangi ilikwendaje hasa? Na ni hatua ipi inayobadilisha sura ya nchi?

---

Rangi_ya_Nili

Mleta uzi akiniruhusu nitajibu hili, ni eneo langu.

Michoro ya nje ilifanywa kwa penseli kwa sababu penseli haihitaji maji wala kusubiri kukauka, na upepo wa bahari hauidhuru. Pembeni aliandika maneno mafupi ya rangi na hali ya hewa. Huo ni ukumbusho tu. Neno "kijivu cha joto" halikwambii ni kijivu gani, na hapo ndipo mlango wa kubuni unapofunguka.

Nyumbani kazi ilikwenda hivi, kwa mbinu za Waingereza wa kizazi chake. Karatasi nzito ya vitambaa, mara nyingi ya kiwanda cha Whatman, inaloweshwa pande zote mbili, inagundishwa kingo zake juu ya ubao na kuachwa usiku kucha. Ikikauka inakaza kama ngozi ya ngoma. Ukiruka hatua hii, rangi ya kwanza yenye maji mengi itaifanya karatasi ivimbe mawimbi, rangi ijikusanye mabondeni na kukauka kwa alama za pete ambazo hazifutiki.

Kisha mistari myepesi ya penseli. Kisha rangi ya joto iliyokonda sana, manjano ya udongo na wekundu kidogo, inapakwa kutoka juu hadi mstari wa maji, ubao ukiwa umeinamishwa kidogo ili maji yateremke yenyewe. Iache ikauke kabisa. Juu yake ndipo inakuja buluu ya anga. Ukipaka buluu wakati chini kuna unyevu, zile rangi mbili zinachanganyika na kuwa tope. Milima ya mbali hupakwa buluu na wekundu wa udongo vilivyochanganywa kuwa kijivu, halafu unasogea mbele hatua kwa hatua, kutoka weupe kwenda giza. Hakuna kurudi nyuma. Katika rangi za maji mwanga ni karatasi yenyewe, na ukishaifunika umeipoteza.

Ukitaka kuurudisha mwanga kuna njia tatu, na zote zinaonekana kwa kioo cha kukuzia. Lowesha umbo kwa brashi safi, kausha kwa kitambaa, sugua kwa kipande cha mkate: unapata mwanga laini wa moshi au tanga la mbali. Kwangua kwa ncha ya kisu: unapata kimetameta cha mawimbi, na nyuzi za karatasi husimama kama manyoya. Au weka nukta ya rangi nyeupe nzito juu. Martens alizidi kuitegemea hii ya tatu kadiri miaka ilivyokwenda. Sehemu zenye giza za mbele wachoraji wa shule yake waliziongezea gundi ya mgunga ili zing'ae. Gundi ikiwa nene mno hupasuka vipande vidogo, nayo ikibanduka hubeba rangi.

Sasa swali lako la sura ya nchi. Hatua inayobadilisha zaidi ni ya kugawa mwanga. Martens alitoa mhadhara Sydney mwaka 1856 kuhusu uchoraji wa mandhari, akasisitiza maeneo mapana ya mwanga na kivuli kuliko vitu vidogo vidogo, naye alimheshimu sana Turner, mchoraji wa mandhari wa Uingereza. Kwa hiyo mchoro wa penseli wenye vilima vitano vilivyo sawasawa, ukifika kwenye rangi, kilima kimoja kinapewa jua na vinne vinazamishwa kivulini au kwenye ukungu. Havijahama mahali pake. Ila jicho lako halitaviona tena.

---

BiMkaratusi

Naongezea suala la miti, kwa sababu watu wengi hulipita.

Mkaratusi mnaoujua wa Iringa, Limuru au Kabale asili yake ni Australia, kwa hiyo jaribio hili unaweza kulifanya mwenyewe. Simama chini ya mkaratusi mkubwa saa sita mchana. Kivuli ni chepesi, kimejaa matundu. Majani ya mti mzima huning'inia wima, ukingo ukielekea jua, na pande zote mbili za jani zina rangi karibu sawa. Basi mwanga unapita katikati badala ya kuzuiwa. Majani yako kwa mafungu mwishoni mwa matawi, na kati ya fungu na fungu unaona anga na tawi tupu.

Mchoraji aliyefundishwa Uingereza mkono wake umezoea mwaloni: duara moja kubwa la kijani, juu penye mwanga na chini penye giza. Akiuchora mkaratusi hivyo, pwani nzima ya Sydney inageuka bustani ya Kiingereza. Kwa Martens makosa haya yapo kwenye miti ya mbali, anapojaza haraka. Miti ya mbele mara nyingi ameifanya vizuri: brashi iliyo karibu kukauka inaburuzwa juu ya karatasi yenye vinyweleo ili rangi ishike sehemu na kuacha sehemu, na shina linaachwa jeupe dhidi ya kichaka cheusi.

Rangi ya shina nayo ni ya kuangaliwa. Kwenye mawe ya mchanga ya Sydney kuna mti uitwao Angophora costata. Unabambua gome lake la zamani wakati joto linapoingia na chini yake hutoka gome jipya la rangi ya chungwa inayoelekea waridi. Ukiona shina la rangi hiyo usidhani ni jua la jioni.

Kusini, Illawarra, alikokwenda Julai 1835, mimea ni mingine kabisa. Kuna mvua nyingi zaidi, minazi mwitu mirefu ya jamii ya Livistona, mikangaga yenye mashina na mitambaazi. Michoro yake ya huko ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Kila mnazi una shina lake, kila kuti lina mkunjo wake, na unahisi mtu aliyekaa chini akatazama kwa muda mrefu bila mteja wa kumharakisha.

---

Saa_ya_Jua

Kabla hatujaenda mbali, kuna kipimo kimoja rahisi cha kujua kama mwanga wa picha ni wa kweli au wa kutunga. Sydney iko karibu nyuzi 34 kusini mwa Ikweta. Saa sita mchana jua liko kaskazini, mwaka mzima. Sisi wa Dar na Mombasa tumezoea jua kuhama pande zote mbili, hivyo tusisahau hilo.

Picha zake nyingi za mji zimechukuliwa kutoka ng'ambo ya kaskazini, ambako ndiko alikojenga nyumba yake miaka ya 1840. Ukisimama pale unatazama kusini: mashariki na baharini ni kushoto kwako, magharibi ni kulia. Adhuhuri jua liko mgongoni mwako na kuta za mji zinazokutazama zimewaka. Mwanga wa dhahabu ukitoka kulia, ni jioni, sawa. Ukitoka kushoto, ni asubuhi. Lakini anga ikiwa inawaka moja kwa moja nyuma ya mji, kusini kabisa, jua likiwa limesimama juu, hapo mchoraji ameazima anga kutoka kwenye picha za Ulaya. Katika Ulaya kusini ndiko jua liliko.

Kuhusu tarehe, usitegemee maandishi ya muuzaji. Tumia majengo:

Ngome ya Fort Macquarie ilijengwa tangu 1817 kwenye rasi ya Bennelong, ikabomolewa 1901. Leo pale kuna jumba la opera. Ikionekana, haikufungi tarehe sana kwa upande wa Martens, ila inakusaidia kujua umesimama wapi.

Kisiwa cha Pinchgut, ndani ya bandari, ndicho kipimo bora. Mwanzo kilikuwa jabali lenye kilele. Kuanzia 1840 na 1841 kilele kilichongwa na kusawazishwa ili pajengwe ngome, na ngome ya Fort Denison na mnara wake wa duara ilikamilika 1857. Kwa hiyo kuna hatua tatu: jabali lenye kilele, jabali bapa, mnara. Ukiona mnara kwenye picha inayotangazwa kuwa ya 1838, funga ukurasa.

Nyumba mpya ya Gavana ilianza kukaliwa 1845. Kabla ya hapo usitarajie ikiwa na wakazi, ingawa kuta zilikuwa zikiinuka.

Angalizo: mchoro wa zamani uliweza kutumika kwa picha ya miaka mingi baadaye, kama mleta uzi alivyosema kuhusu Apsley. Jabali lenye kilele linathibitisha tarehe ya mchoro wa chini, halithibitishi tarehe ya rangi.

---

Cammeraygal_Kwanza

Nimesoma yote kwa makini, ni elimu nzuri. Ila mmezungumzia miamba, miti na ngome. Watu wako wapi?

Ufuko wa kusini wa bandari ile ni nchi ya Wagadigal. Ufuko wa kaskazini, ulipojengwa mtaa wa St Leonards na nyumba ya Martens, ni nchi ya Wacammeraygal. Mwaka 1789, miezi kumi na kitu tu baada ya meli za kwanza, ndui iliua sehemu kubwa ya wenyeji wa Sydney. Martens alipofika 1835 alikuta nchi iliyokwisha kupitia hayo. Ukiona pwani tupu kwenye picha, utupu huo ulisababishwa.

Naomba mtu akichambua picha aangalie pembe za chini. Katika picha nyingi za miaka ya 1830 na 1840 utakuta wenyeji wawili, watatu, pembeni na moto mdogo, wamegeukia ndani ya picha. Kazi yao pale ni ya kimpangilio: wanaonyesha ukubwa wa mandhari na kulipeleka jicho kwenye jumba la mteja lililo katikati.

---

Mkuku_wa_Jahazi

Ndugu, umesema kweli, na nilipaswa kuliweka kwenye bandiko la kwanza. Naongeza jambo moja la kiufundi linalounga mkono hoja yako. Kwenye michoro ya penseli tafuta kama watu hao wapo. Wakiwepo, kuna uwezekano aliwaona. Wakiwa kwenye rangi pekee, waliongezwa chumbani kujaza nafasi. Martens hakuwa mchoraji wa watu: mikono na nyuso zake ni alama tu za brashi. Linganisha na Earle aliyemtangulia, ambaye miaka ya 1820 alimchora Bungaree, mwenyeji mashuhuri wa Sydney, kwa sura inayotambulika na kwa jina lake.

Na mteja ni muhimu. Wenye mali waliagiza picha za nyumba zao: Alexander Macleay na jumba lake la Elizabeth Bay, Hannibal Macarthur na jumba lake la Vineyard kule Parramatta. Mteja wa aina hiyo anataka nyumba yake ikae kwenye mwanga, bustani ionekane, na kichaka kirudi nyuma. Nchi iliyotwaliwa juzi inachorwa kana kwamba imekuwa shamba la familia hiyo tangu zamani.

---

Jiwe_la_Chapa

Miaka ya 1840 uchumi wa koloni ulianguka, Benki ya Australia ikafilisika 1843, na maagizo ya picha yakapungua. Hapo ndipo Martens alipogeukia chapa za litografia, yaani chapa za jiwe, ambazo mtu wa kawaida angeweza kununua na kumtumia ndugu yake Uingereza. Ya kwanza kubwa ni Sydney kutoka ufuko wa kaskazini. Picha ilipelekwa London na Thomas Shotter Boys akaichora upya juu ya jiwe. Mwaka 1850 na 1851 Martens alitoa mfululizo wa mandhari ya kandokando ya Sydney.

Hatua za chapa ya jiwe, kwa asiyezijua: jiwe la chokaa lenye chembe ndogo, bora likiwa la Solnhofen kule Bavaria, linasagwa kwa mchanga na maji hadi uso uwe bapa na wenye vinyweleo. Unachora kwa kalamu ya mafuta. Unapaka gundi iliyotiwa asidi kidogo ya nitriki, ambayo inafanya sehemu zisizochorwa zipende maji na kukataa mafuta. Unalowesha jiwe, unaviringisha wino wa mafuta, wino unashika mchoro tu. Karatasi juu, unapitisha kwenye mashine ya kukandamiza. Asidi ikizidi inakula mistari myembamba na anga inakuwa na mabaka meupe. Ikipungua, wino unashika hata pasipotakiwa na picha inaziba giza. Chapa hutoka imegeuzwa kushoto kulia, kwa hiyo kwenye jiwe lazima uchore kinyume.

Hasara kwa msomaji wa pwani ni hii: Boys alikuwa mchoraji hodari, lakini alichora Sydney akiwa London. Kila kilichokuwa hafifu kwenye picha alikikamilisha kwa mazoea ya macho yake. Chapa ikikuonyesha ukingo wa paa ulio safi kuliko wa picha asili, usafi huo ni wa London.

Kutofautisha vitu vitatu, tumia kioo cha kukuza mara 10. Chapa ya kisasa ya kiwandani ina vinukta vya rangi vilivyopangwa kama maua madogo. Litografia ina chembe zisizo na mpangilio, kama chaki juu ya ukuta. Rangi ya maji halisi haina nukta: unga wa rangi umelala kwenye vishimo vya karatasi, na ukingoni mwa kila eneo kuna mstari mweusi kidogo pale maji yalipokaukia. Litografia iliyotiwa rangi kwa mkono huonyesha chembe na rangi ya maji pamoja, na hii ndiyo inayowadanganya wanunuzi.

---

Msafiri_wa_Tete

Kwa wanaopenda kulinganisha, yuko Thomas Baines. Alikuwa mchoraji wa msafara wa Augustus Gregory kaskazini mwa Australia, 1855 hadi 1857, kisha mwaka 1858 akaja Zambezi na Livingstone, ambaye alimfukuza mwaka 1859 kwa tuhuma za wizi wa vifaa vya msafara. Baines alitumia sana rangi za mafuta na alipenda vitendo: mashua inakwama, kiboko anaibuka. Ukiweka kazi zake kando ya Martens unaona tofauti ya mchoraji wa msafara na mchoraji aliyelowea mahali pamoja akiishi kwa wateja.

---

KaratasiNyeupe

Wakuu, swali la vitendo. Mtu akiwa na rangi ya maji ya karne ya 19, au hata litografia, na anaishi Zanzibar au Mombasa, aitunze vipi? Na anga za pinki kwenye picha hizi za zamani, ni za kweli?

---

Rangi_ya_Nili

Naanza na pinki. Mara nyingi si machweo. Wachoraji wa wakati ule walichanganya nili na wekundu wa udongo kupata kijivu cha mawingu. Nili hufifia kwa mwanga, udongo haufifii kamwe. Baada ya miaka mingi ukutani kijivu kinapoteza buluu yake na kubaki waridi. Jambo hili lilijadiliwa sana Uingereza hadi Russell na Abney wakatoa ripoti ya majaribio ya mwanga mwaka 1888. Kupima bila vifaa: fundi akiitoa picha kwenye fremu, tazama ukanda uliofichwa chini ya ubao wa pambizo, ule wenye dirisha unaoizunguka picha ndani ya fremu. Kama pale anga ni ya kijivu cha buluu na katikati ni ya waridi, umepata jibu.

Weupe nao unasema. Nyeupe ya risasi ikikutana na hewa yenye salfa hugeuka kahawia au nyeusi, na povu la mawimbi linaonekana kama madoa ya lami. Usijaribu kuifuta, kuna kemikali ya kuirudisha lakini ni kazi ya mhifadhi aliyesomea. Nyeupe ya zinki kwa rangi za maji ilianza kuuzwa na Winsor & Newton 1834. Chini ya taa ya urujuanimno zinki hung'aa manjano ya kijani. Nyeupe ya titani inabaki giza, na haikuwa sokoni hadi karibu 1920. Picha yenye titani ama imerekebishwa baadaye ama ni ya kughushi. Na alama ya maji ya Whatman ikiwa na mwaka, picha haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo, ingawa inaweza kuwa ya baadaye sana.

Sasa utunzaji wa pwani yetu. Adui wa kwanza ni unyevu. Kuvu huanza kustawi unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hadi 70, na Zanzibar hupita hapo sehemu kubwa ya mwaka. Lengo ni asilimia 45 hadi 55, lakini muhimu zaidi ni usipande na kushuka. Kuwasha kiyoyozi mchana na kukizima usiku ni kubaya kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu karatasi inavimba na kunywea kila siku na rangi nene inapasuka. Chumba cha ndani chenye upepo, mbali na jiko na bafu, ni bora.

Usitundike kwenye ukuta wa nje, hasa wa mawe ya matumbawe unaovuta chumvi. Nyuma ya fremu, pembe mbili za chini, gundisha vipande vya kizibo vya milimita 5 ili hewa ipite. Kioo kisiguse picha: ubao wa pambizo usio na asidi, wa unene wa karibu milimita 1.5, unatosha kuacha nafasi. Ubao wa bei nafuu una asidi inayochoma mstari wa kahawia kuzunguka dirisha lake.

Picha ishikwe kwa bawaba mbili tu za karatasi ya Kijapani, juu, kwa uji wa wanga wa ngano. Bawaba iwe dhaifu kuliko picha, ili fremu ikianguka ichanike bawaba. Selotepu ni marufuku: gundi yake inaingia ndani ya karatasi na kuacha doa linalong'aa kama mafuta.

Mwanga usizidi laksi 50, yaani chumba ambacho mwanzoni unakiona kina giza kidogo hadi macho yazoee. Itundike miezi mitatu, halafu iweke kwenye sanduku miezi tisa. Rangi iliyofifia hairudi hata ukiiweka gizani miaka 100.

---

KaratasiNyeupe

Nimekusoma, mkuu. La mwisho: nyuma ya karatasi kukiwa na maandishi ya penseli ya mahali na tarehe, yafunikwe au yaachwe?

---

Rangi_ya_Nili

Yaache wazi, na yapige picha taa ikiwa imelazwa ubavuni ili mkandamizo wa penseli uonekane. Usiruhusu fundi wa fremu abandike karatasi ya nyuma kabla hujafanya hivyo. Kisha jina la mahali na tarehe ulilinganishe na michoro ya Maktaba ya Jimbo la New South Wales, ambayo mingi imewekwa mtandaoni, na ndipo utafute mnunuzi kwenye daftari la hesabu.